Mfu Aliyebaki Baada ya Siku ya Vyungu

Mgeni aliingia Drumea kwa barabara ya bandarini asubuhi ya Siku ya Vyungu, na hilo ndilo lililomponza. Siku hiyo wageni wote wanaoingia Drumea huwa ni wafu.

Walikuwa wameanza kufika tangu alfajiri, wakipanda kutoka makaburini nje ya lango la magharibi, wawili wawili, viatu mkononi ili wasichafue vizingiti vilivyofagiliwa. Kila nyumba ilikuwa imechemsha nafaka za kila aina kwenye chungu kimoja, ikatia asali, ikakiweka chungu uani. Milango ya vyumba ilikuwa imepakwa lami ya msonobari, kwa sababu mfu hapiti palipo na lami, na walio hai walikuwa wakitafuna majani machungu tangu walipoamka. Mahekalu yalikuwa yamefungwa kwa kamba. Nyumbani kwa Polikles, babu yake mzaa baba alikuwa ameketi juu ya gogo karibu na kisima, akilalamika, kama alivyolalamika mwaka jana na mwaka juzi, kwamba dengu hazikuiva.

"Babu, huna meno," Polikles alimwambia. "Hata uji ungeuona haukuiva."

"Nilikuwa nayo siku nilipokuachieni nyumba hii."

Mgeni akasimama penye lango la ua. Alikuwa mwanamume wa makamo, ngozi imekaushwa na chumvi, vifundo vya miguu vina makovu ya pingu. Alikitazama chungu, akakiendea moja kwa moja, akachutama, akala kwa mkono. Babu alisogea kumpa nafasi.

"Wewe wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Sote tunasema hivyo," alisema babu.

Polikles alimtambua mara moja. Alikuwa Deksias, kaka yake mkubwa, aliyekwenda vitani na merikebu za mji, na ambaye habari zilikuja kwamba merikebu yake imezama na watu wake wote. Alizikwa kwa heshima bila mwili. Jiwe lake la kaburi, lililolipiwa na mji, lilimwonyesha akiwa amesimama na mkuki, mrefu kidogo kuliko alivyokuwa. Shamba lake la mizeituni lilikwenda kwa Polikles. Mkewe, Nikareta, naye aliozwa Polikles, ili mali aliyokuja nayo kutoka kwao isitoke nje ya ukoo.

"Kaka," alisema Polikles. "Miaka yote hii hukuja hata sikukuu moja."

"Nilitekwa. Walituweka kwenye machimbo ya mawe." Deksias alikuwa akiongea huku akitafuna. "Sikufa, Polikles."

"Mwanzoni ndivyo tunavyodhani," babu alimwambia kwa upole. "Utazoea."

Jua lilipoinama, Polikles alitwaa sahani ya shaba akaigonga kwa mwiko, kama wenye nyumba wengine wote walivyokuwa wakigonga saa hiyo, akapaza sauti: "Tokeni nje, wafu! Sikukuu imekwisha!" Wafu wakainuka, wakajikung'uta, wakaokota viatu vyao. Babu aliaga kwa kusema kwamba mwakani angependelea maharage. Mtaa mzima ukajaa migongo inayoondoka.

Deksias hakuinuka. Polikles akagonga tena, karibu na sikio lake. Deksias akasimama, akaelekea mlango wa nyumba, akaegemeza mkono kwenye mwimo uliopakwa lami, akaingia ndani. Lami ilimganda kiganjani kama inavyomganda mtu yeyote.

"Mnaona?" Polikles aliwaambia majirani waliokuwa wakichungulia. "Tangu zamani alikuwa hana adabu."

Ndani, yaya wao alikuwa akisugua masufuria kwa majivu. Aliitwa Zaika. Alikuwa Mthraki, mtu wa kaskazini, aliyenunuliwa akiwa bado msichana, na alikuwa amewanyonyesha ndugu hawa wawili, mmoja baada ya mwingine. Sasa kichwa chake chote kilikuwa mvi. Deksias alikaa chini karibu naye.

"Yaya, nani alikuwa akinimiminia maziwa na asali?"

"Wapi?"

"Sijui ni wapi. Kila mwezi ulipoandama, kinywa changu kilijaa maziwa na asali. Wenzangu machimboni walikuwa wakifa kwa njaa, mimi nimelala pale nalamba midomo. Walinichukia."

Zaika alikausha mikono yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina sadaka ya mfu kwenye lile kaburi tupu. Polikles alimpa siki iliyokorogwa na maji kwa kazi hiyo. Maziwa na asali aliyatoa kwenye posho yake mwenyewe.

"Mwaka juzi," Deksias aliendelea, "kuna siku yalinuka kitunguu."

"Nilikuwa natoka kumenya. Sikunawa."

"Sikulalamika."

"Ungelalamika kwa nani?" Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa moto. "Umekonda, mwanangu," alisema, kisha akarudi kwenye masufuria, maana yalikuwa mengi.

Kesho yake mkutano wa raia uliitwa. Watumwa wa mji walipita sokoni wakiburuta kamba iliyochovywa rangi nyekundu, kuwasukuma raia kuelekea kilimani. Raia atakayeonekana ana rangi kwenye vazi lake hutozwa faini kwa uzembe. Kwa njia hiyo mji wa Drumea ulihakikisha kwamba kila mtu anajitawala kwa hiari. Wanawake, wageni wakaazi na watumwa walibaki nyuma ya kamba. Hawakuhitaji kusogea, kwa sababu Karmo, mpiga mbiu, alirudia kila neno la maana kwa sauti iliyofika bandarini. Karmo alijua kwamba sauti yake inafika bandarini.

"Nani anataka kusema?" aliuliza, kama sheria inavyotaka.

Alitangulia Hairea, mkuu wa mji. Alisema kwamba jiwe la Deksias lilisimamishwa kwa kura ya mkutano huu huu. Mji ulikata shauri kwamba Deksias amekufa, tena kishujaa. Ikiwa yu hai, basi mji ulisema uongo. Mji hausemi uongo. Akaketi, akapigiwa makofi.

Fundi wa mawe alisema yeye hana upande, ila herufi zile alizichonga kwa kina na hazifutiki.

Mzee mmoja wa ukoo wao alisimama kwa shida. "Mimi nilikula matanga yake," alisema. "Nikashiba. Jamani, mtu anashibaje matanga ya mtu aliye hai?" Hili liliwagusa wengi.

Kijana mmoja aliyehudhuria mkutano kwa mara ya kwanza alipendekeza kwamba Deksias mwenyewe aulizwe. Watu walicheka, lakini si kwa ubaya. "Mwanangu," alimwambia aliyekaa pembeni yake, "wafu ni wengi kuliko sisi. Tukianza kuwapa nafasi ya kusema, sisi tutashinda kura ipi?"

"Nani mwingine anataka kusema?" aliuliza Karmo.

"Mimi hapa," alisema Deksias. Alikuwa amesimama mbele kabisa, mkono juu, kiganja bado cheusi kwa lami.

Karmo alitazama kushoto kwa Deksias, akatazama kulia kwake, akatazama juu ya kichwa chake hadi safu za nyuma.

"Hakuna," alitangaza. Na bandarini wakasikia kwamba hakuna.

Ndipo kuhani alipoeleza amri ya zamani, iliyotoka kwa mungu mwenyewe. Mtu aliyekwisha kufanyiwa mazishi, kisha akarudi, haingii katika mji kwa miguu yake. Sharti azaliwe. Wanawake wa nyumba yake wamwogeshe, wamfunge nguo za kitoto, na jua linapochomoza apewe titi mbele ya mashahidi. Akinyonya maziwa, amezaliwa. Asipopata maziwa, ni mfu. Atolewe kwa lango la magharibi, na lango lifungwe. Tena kuhani aliona vema kukumbusha kwamba mtoto mchanga hana shamba, hana mke, wala hana kura. Mkubwa wake nyumbani humshikia mali yake hadi awe mtu mzima.

"Yaani mimi," alisema Polikles.

"Yaani wewe."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono, na amri ikapita. Wengi walirudi makwao wakijiona watu wenye huruma.

Siku hiyohiyo mchana, maziwa yalimjia Zaika. Aliona kifua cha vazi lake kimelowa alipokuwa akichota maji. Nikareta, ambaye sasa alikuwa bibi wa nyumba, aliona pia, akampa kitambaa ajifutie, akamwambia asibebe ndoo kubwa. Mara ya kwanza maziwa yalipomjia Zaika, miaka ile, yalikuja kwa ajili ya binti yake mwenyewe. Lakini wiki hiyohiyo Deksias alizaliwa, na baba wa nyumba akaona kwamba maziwa hayatatosha wawili. Binti akawekwa ndani ya chungu kikubwa, akapelekwa nje ya ukuta, kama ifanyikavyo kwa mtoto asiyehitajika. Zaika alikuwa amemwambia mtoto kwamba atakuja asubuhi. Asubuhi lango lilikuwa limefungwa kwa sababu ya sikukuu.

Wanawake walimwogesha Deksias uani, ndani ya karai la kukandia unga. Nikareta alikunja mikono ya vazi lake.

"Huyu nimemlilia, nimemkatia nywele zangu, nimemwekea shada kaburini," alisema. "Leo nimwogeshe. Mume mmoja, kazi ngapi?"

"Nikareta," alisema Deksias.

"Nyamaza. Mtoto haniiti hivyo."

Lakini alipofika kwenye makovu ya pingu aliyaosha polepole, kwa kiganja kitupu, na hayo ndiyo aliyoyaosha mwisho.

Ndevu za Deksias zilitoka pamoja na maji, kama masizi. Baadaye yakaanza kutoka maneno. La kwanza lilikuwa raia. Alilitafuta mdomoni na hakulikuta. Likafuata kura, likafuata mahakama, kisha baraza, mkuki, mkataba, shamba. Yalielea juu ya maji kama povu la kijivu. Wanawake hawakuwa na kazi nayo, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuyatumia, wakayamwaga kwenye shina la mtini. Alipokuwa akifungwa nguo, kuanzia miguuni, Deksias alikuwa amebakiwa na maneno machache sana, na alikuwa akiyatumia kwa uangalifu.

"Yaya," alisema. "Baridi."

"Najua."

"Giza. Mlango." Akavuta pumzi. "Njaa. Yaya, njaa."

"Si leo, baba. Ni mpaka jua lichomoze, ndivyo walivyosema." Zaika alimfunga kipande cha mwisho kifuani. "Asubuhi nitakuja. Umesikia? Usilie. Jua likitoka utaniona."

Deksias aliitikia kwa kichwa. Wakamlaza kwenye ghala la nyuma, kati ya mitungi ya mafuta.

Polikles alimkuta Zaika uani kabla ya chakula cha jioni. "Keti, Yaya," alisema, na tangu azaliwe hakuwahi kumwambia hivyo. Zaika akaketi kwenye gogo la babu.

"Kesho jua linapochomoza," alisema Polikles, "Karmo atasimama kwenye uwanja wa maigizo kutangaza watumwa wanaoachwa huru. Nimempa jina lako."

Zaika alimtazama.

"Ni tangazo la kawaida. Unasimama pale, unaitwa, unaitika, basi. Ukiitwa mara tatu usiitike, tangazo linakufa. Na si jambo la kurudiarudia, watu wataniona kigeugeu."

"Kesho jua linapochomoza nina kazi hapa."

"Ndiyo maana nakwambia leo." Polikles hakuwa na hasira. Alikuwa mtu wa hesabu, na alikuwa na mwana mmoja, na hakupenda mwana huyo aje agawane shamba na mtu mwingine. "Wewe ni bibi mwenye mvi. Ukikosa maziwa, nani atakulaumu?"

"Ninayo."

"Naona unayo. Nauliza nani atakulaumu."

"Na yeye je?"

"Atakwenda walikokwenda wenzake. Hatumtupi, Yaya. Atakuwa akija. Lakini mfu anakula mara moja kwa mwaka. Mtoto anakula kila siku, halafu anakua."

Zaika alilifikiria hilo. Bandarini kulikuwa na jahazi la mafuta lililokuwa likielekea kaskazini, kwenye mlango wa mto Strimoni, mto wa kwao. Katika mto huo kulikuwa na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, wanene kama mkono, na Zaika alikuwa na dada aliyejua kuwashika bila ndoano. Huenda bado alikuwa hai. Huenda alikuwa mahali fulani akimmiminia Zaika maziwa, ingawa Zaika hakuwahi kuonja chochote.

"Nikiwa huru nitakwenda kwetu?"

"Utakwenda unakotaka. Sheria inasema tu kwamba aliyeachwa huru awe na raia wa kumsimamia, na asitoke mjini bila idhini yake."

"Msimamizi wangu nani?"

"Mimi."

Zaika akainamisha kichwa.

"Lakini nisingekunyima!" alisema Polikles, na safari hii alikuwa ameumia kweli. "Wewe umeninyonyesha. Unadhani ningekunyima? Panda jahazi, nenda. Naapa kwa moto wa nyumba hii."

Alikuwa akisema kweli, na Zaika alijua kwamba anasema kweli. Hilo ndilo lililomfanya akiache chakula cha jioni sahanini.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Polikles alivaa vazi lake jeupe, akaondoka mapema kuelekea uwanja wa maigizo. Wanawake wa ukoo walikusanyika uani, kila mmoja na mto wake wa kukalia, wakamtoa Deksias ghalani, wakamlaza juu ya mkeka. Alikuwa bado na urefu wa mtu mzima, lakini hilo lilionekana ni jambo litakalorekebishika kwa muda. Mtumwa wa kuhani alisimama langoni kushuhudia. Alikuwa amekuja na kamba pia, kwa ajili ya safari ya lango la magharibi, endapo.

Zaika hakuwapo.

Nikareta alitazama mlango wa jikoni, akatazama mstari wa mwanga uliokuwa ukishuka juu ya ukuta. Mmoja wa wanawake alisema kwamba pengine Yaya ameghairi, na nani angemlaumu. Deksias hakulia. Alikuwa ameelekeza macho yake mlangoni, wala hakuyapepesa.

Mwanga ulipogusa mkeka, Zaika alitoka jikoni. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri, ile ya kwenda nayo mahali, na kifurushi kilikuwa kimefungwa mgongoni. Mikono yake ilikuwa imelowa. Alikuwa ametoka kunawa. Akakifungua kifurushi, akakiweka chini, akaketi juu ya mkeka, akakipakata kichwa cha Deksias.

"Nilikwambia nitakuja," alisema.

Wakati huohuo sauti ya Karmo ilipita juu ya mapaa.

"Zaika, wa nyumba ya Polikles!"

Njiwa waliruka kutoka kwenye vigae. Wanawake wote walimgeukia.

"Unaitwa, Yaya," alisema Nikareta.

"Nasikia."

"Uwanja si mbali. Ukikimbia utawahi." Nikareta alikuwa amekwisha kupiga magoti kando yake, mikono wazi. "Nipe nimshike. Jua halitazama sasa hivi. Kimbia, uitikie, urudi."

"Na amri inasema lini?"

Nikareta akaishusha mikono. Mtumwa wa kuhani, aliyekuwa akitazama mwanga kwenye mkeka, alisema amri inasema jua linapochomoza, na jua lilikuwa linachomoza.

Zaika akafungua vazi lake. Deksias alishika titi kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa akilitafuta tangu machimboni, na maziwa yakamtiririka hadi shingoni.

"Zaika, wa nyumba ya Polikles!"

Wanawake wakapiga vigelegele, maana mtoto wa kiume alikuwa amezaliwa. Mmoja alikwenda kutundika shada la mzeituni mlangoni, akalibandika juu ya lami iliyobaki, likashika vizuri bila msumari. Vigelegele vilifika hadi uwanja wa maigizo, na waliokaa karibu na Polikles walimpa mkono wa heri. Polikles alishukuru. Alisema mtoto ni baraka, na shamba lipo, yeye atalitunza.

Mara ya tatu Karmo aliita kwa sauti yake yote, kwa sababu mara ya tatu ndiyo aliyoionea fahari.

"Zaika! Wa nyumba ya Polikles!"

Sauti ilikwenda hadi bandarini, ikapita jahazi la mafuta lililokuwa likifungua kamba, ikaenda baharini. Karmo akasubiri kadiri sheria inavyotaka. Kisha akasafisha koo, akatangaza kwamba amepotea mbuzi jike, mweupe, wa pembe moja, na atakayemwona amrudishe kwa mwenyewe karibu na chemchemi.

Upande mmoja ulikuwa umekauka. Zaika akamgeuza Deksias, akampa wa pili.